Kampuni haina shingo, wakurugenzi wanazo

Kazi yangu ya kwanza hapa Houston ilikuwa kuwahudumia wazee majumbani. Mmoja wao alikuwa ameitumikia Enron, kampuni kubwa ya nishati ya hapa, miaka mingi, na karibu akiba yake yote ya uzeeni ilikuwa kwenye hisa za kampuni hiyo hiyo. Enron ilipofilisika Desemba 2001, hisa zile zikawa makaratasi. Kila tulipopita Smith Street, lilipo lile jengo lao la vioo, alikuwa akiniambia, "Lakini Skilling alifungwa." Ni kweli. Jeffrey Skilling, aliyewahi kuwa mkurugenzi mkuu, alihukumiwa mwaka 2006, kwa ulaghai, kifungo cha zaidi ya miaka 24. Kikapunguzwa baadaye hadi 14, akatoka 2019. Hela za mzee hazikurudi zote. Ila alimwona mtu mwenye jina na uso akijibu.

Mimi na dada yangu hatujaona hata hilo. Mwaka 2016 tulinunua ploti Kajiado kwa kampuni iliyokuwa ikija huku kuwauzia Wakenya. Mkurugenzi wao mmoja alikula pilau mezani kwangu. Tulilipa kwa awamu 18, risiti tunazo. Hati miliki hatujaiona, maana ardhi haikuwa yao. Dada alipofika ofisini kwao Nairobi alikuta duka la simu. Polisi wakampa namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha kuandikia matukio, basi. Wakili wa kwanza akasema tuishtaki kampuni, kisha akatwambia kampuni yenyewe haina kitu. Na watu wale wale, CR12 (hati ya msajili inayoorodhesha wakurugenzi wa kampuni) inaonyesha, wana kampuni nyingine sasa.

Mbele ya sheria kampuni ni mtu peke yake, na madeni yake si ya wenye kampuni. Kanuni hiyo tuliirithi kwa Waingereza, wenye kesi ya Salomon ya 1897, na mimi siipingi: biashara ikianguka kwa bahati mbaya, mwenyewe asinyang'anywe nyumba wanamolala watoto wake. Lakini hiyo ni kinga ya aliyepata hasara. Mwizi hana haki ya kujifunika nayo.

Sheria ya Kampuni ya Kenya ya 2015 inalijua hilo. Kuendesha kampuni kwa nia ya kuwalaghai wanaoidai ni jinai ya mhusika mwenyewe, na mahakama inaweza kumzuia mtu asiwe mkurugenzi tena. Kwa hiyo wanaodai tutunge sheria mpya sikubaliani nao. Tunakosa mashtaka.

Huku, baada ya Enron, sheria ya Sarbanes-Oxley ya 2002 iliwalazimisha mkurugenzi mkuu na mkuu wa fedha wa kampuni iliyo kwenye soko la hisa kuzithibitisha hesabu kwa saini zao. Anayethibitisha uongo kwa makusudi anaweza kufungwa hadi miaka 20. Waliokuwa wajumbe 10 wa bodi ya Enron walitoa dola milioni 13 mifukoni mwao. Haimaanishi Marekani ni peponi: baada ya mgogoro wa fedha wa 2008 watu walipoteza nyumba, benki kubwa zikalipa faini, na vigogo wake karibu wote wakalala kwao. Uchungu wa hilo bado nausikia kwa majirani zangu.

Mwezi ujao narudi nyumbani. Wakili mwingine amekubali kuwashtaki wakurugenzi watatu kwa majina yao. Risiti zote 18 ziko kwenye mkoba wangu wa mkononi.