Jenereta ya gesi sawa, ila si ya kupashia nondo

Siku umeme ulipokatika kiwandani kwetu, kwenye nondo, tanuri likiwa limejaa, sote tulikimbilia maji. Tanuri la umeme la kuyeyushia vyuma chakavu limezungukwa na koili ya shaba inayopozwa kwa maji. Maji yakisimama huku ndani mna chuma cha nyuzi 1,600, koili inaungua, na maji yakikutana na uji ule, okoa roho yako. Pampu ya dizeli ilikubali kuwaka mara ya tatu. Kule kwenye rola, mche wa chuma uliokuwa mwekundu ukibanwa kuwa nondo ulinasa ukapoa palepale. Tukashinda tukiukata kwa gesi na oksijeni mpaka jioni.

Tangu hapo sibishani na mtu anayetaka jenereta ya gesi kiwandani. Gesi ya Songo Songo inafika Dar es Salaam tangu 2004, na bomba la Mtwara likafuata 2015. Ukiwa nayo getini, kutegemea waya mmoja ni kujitakia.

Ugomvi wangu ni na bosi anayetaka umeme huohuo upashe miche moto kabla ya kuingia kwenye rola. Injini nzuri hugeuza kama asilimia 40 tu ya nishati ya gesi kuwa umeme, na kwenye koili ya umeme ya kupashia mche kingine kinapotea. Ya nini kuzunguka hivyo, wakati mche unataka nyuzi kama 1,200 na moto wa gesi wenyewe unazifikia? Ichome moja kwa moja kwenye tanuri la kupashia miche.

Ila tanuri liwe tanuri kweli. Nimeona ambalo mlango haufungi, ndimi za moto ziko nje, na moshi unapaa na joto lake lote badala ya kupasha hewa inayoingia kwenye bana, yaani kichomeo cha gesi. Hapo mwenye koili anaweza kukushinda hesabu.

Muuza jenereta naye huja na "joto la bure" la ekzosi. Lipo, kama nyuzi 400, ambazo kwa mche wetu ni uvuguvugu. Kiwanda cha nguo kinachotaka mvuke kitalifaidi. Sisi ningelipeleka kukausha vyuma chakavu wakati wa masika. Kopo lililobonyea likabakiza maji kidogo, ukilitupa kwenye chuma kilichoyeyuka, hulipuka kama bomu. Wanaolisha tanuri wanalijua hilo. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi utawakuta wanapindua makopo mojamoja, hakuna anayegusa swichi.