Mjitoleaji wa afya akirudi Dodoma, arudi mwezi gani?

Wajitoleaji kutoka Ulaya na Marekani wanaokuja kwenye miradi ya afya ya jamii vijijini hufuata zaidi likizo zao, Juni hadi Agosti. Baadhi yao hurudi mwaka unaofuata, tena Julai. Sisi tunaona kurudi kuna faida kubwa, mradi tarehe ipangwe na kazi yenyewe.

Chukua vikope, yaani trakoma, ugonjwa wa macho wa siku nyingi katika ukanda huu mkavu. Kongwa, wilaya ya mkoa wa Dodoma, imefanyiwa utafiti wa trakoma tangu miaka ya 1980. Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake, Watanzania wakiwemo, walirudi vijijini humo kwa miaka mingi. Jaribio lao la kuwanawisha watoto uso, lililochapishwa mwaka 1995, lilihitaji kuwafuatilia watoto walewale tena na tena. Kwa safari moja lisingewezekana.

Upasuaji nao una kalenda yake. Mgonjwa ambaye kwa trakoma nywele za kope zimegeukia ndani na kukwaruza jicho hupasuliwa kope. Kesho yake bandeji hutolewa na jicho hukaguliwa. Kati ya siku ya 7 na ya 14 nyuzi huondolewa. Kati ya mwezi wa 3 na wa 6 hukaguliwa tena, kwa sababu ndipo huonekana kama nywele zimegeuka upya. Mkato mfupi kupita kiasi ni chanzo kimojawapo cha tatizo hilo, nao siku ya kwanza haujionyeshi: kope limevimba, mgonjwa anashukuru, kila mtu anaridhika. Anayesaidia Julai kwa wiki mbili na kurejea Julai nyingine ameruka Oktoba hadi Januari, dirisha lenyewe. Bora arudi Novemba. Akichelewa zaidi mvua huanza, barabara za udongo huharibika, na kufika Januari watu wako shambani kwenye mtama na uwele.

Upande wa pili nao una uzito. Mgeni anahitaji mkalimani, na hata aliyejifunza Kiswahili hukwama kwa bibi anayezungumza Kigogo tu. Mkalimani huyo mara nyingi ni muuguzi wa zahanati yenye watumishi wawili au watatu. Mgeni akiondoka naye, kliniki ya watoto inapwaya: mama amepanga foleni tangu asubuhi, mzani umening'inizwa, wa kuchoma chanjo hayupo. Hasara hiyo haiandikwi kwenye ripoti ya mradi wowote, nasi inatuuma.

Tena mjitoleaji wa zamani ana hatari yake: hujiona anajua. Kwenye ugawaji wa dawa ya trakoma, azithromaisini hutolewa kwa kipimo cha urefu, kwa kijiti chenye alama. Mtu mzima hupewa miligramu 1,000, yaani vidonge 4 vya miligramu 250. Watoto wadogo hupewa ya maji. Walio chini ya miezi 6 hupakwa machoni mafuta ya tetrasaiklini asilimia 1, mara 2 kwa siku kwa wiki 6. Mtoto anayelia haminywi pua wala halazimishwi, maana anaweza kupaliwa, asubiriwe atulie. Miongozo hubadilika, kwa hiyo aliyefundishwa zamani ahudhurie mafunzo pamoja na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, akiwa mwanafunzi kama wao.

Kosa jingine ni daftari binafsi. Mgeni huorodhesha wagonjwa wake, kisha daftari hupanda naye ndege. Majina yote yaingie kwenye rejista za MTUHA (mfumo wa taarifa za huduma za afya) za zahanati, pamoja na kitongoji na tarehe ya ukaguzi ujao, ili mhudumu wa jamii awafuate bila kumsubiri yeyote.

Kabla ya tiketi, mjitoleaji amwandikie mganga mkuu wa wilaya kuuliza ni kazi gani haina mtu, na mwezi gani. Viza ya utalii haitoshi. Kujitolea kuna kibali chake, na mtaalamu wa tiba lazima apate usajili wa muda kwenye baraza la taaluma yake. Na wilaya ikijibu kwamba kilichopungua ni mafuta ya pikipiki ya kuwafuata waliopasuliwa Julai, atume nauli hiyo, safari aiache.