Silabi Kwanza au Msamiati Kwanza?

Mwaka jana nilikaa nyuma ya darasa la pili katika shule moja ya msingi wilayani Chamwino, mkoani Dodoma, Tanzania, mwalimu akisikiliza watoto wakisoma mmoja mmoja. Mvulana mmoja alisoma "Baba alipanda ngalawa asubuhi" bila kugugumia hata mara moja, na wenzake wakampigia makofi. Mwalimu alipomuuliza baba alikuwa wapi, alijibu bila wasiwasi kwamba alikuwa shambani. Kwa mtoto aliyekulia penye mtama na uwele, kupanda ni kufukia mbegu, na ngalawa bila shaka ni zao ambalo halijafika kijijini kwao.

Jibu lile linagusa mvutano wa siku nyingi miongoni mwa walimu wa madarasa ya chini, kwamba mtoto aanze kwa kumudu silabi na maana ije baadaye, au ajengewe msamiati tangu siku ya kwanza, hata kama kusoma kutachelewa kidogo.

Wanaotanguliza silabi wana hoja nzito. Maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi kwa karibu, hivyo mtoto aliyeshika irabu tano, akapita ba be bi bo bu, kisha akazoea konsonanti mwambatano kama mb, nd na ng, anaweza kutamka karibu neno lolote, hata asilowahi kulisikia. Mtaala wa mwaka 2015 wa darasa la kwanza na la pili uliweka mkazo kwenye KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ili stadi hizo zisimezwe na wingi wa masomo. Tena, tangu elimu bila ada ianze mwaka 2016, madarasa mengi yamefurika, na mwalimu mmoja anaweza kuongoza silabi kwa sauti ya pamoja lakini hawezi kuzungumza na kila mtoto. Nimeona pia madhara ya kuziruka silabi: msichana aliyesimulia ukurasa mzima kwa madaha, nilipoifunika picha kwa kiganja, alikwama kwenye neno la kwanza.

Hata hivyo, wepesi huohuo wa maandishi yetu ndio unaotudanganya. Sauti ya mtoto inateleza vizuri, na hakuna anayeshuku kwamba maana imebaki nyuma. Kuhesabu maneno anayosoma kwa dakika hakusaidii sana, kwa kuwa "hatutawasahau" ni neno moja tu, ilhali limebeba ukanushi, mtenda, wakati, watendwa na mzizi. Mtoto anayelitamka kwa haraka huenda hajui nani hatamsahau nani.

Hapa ndipo ninapoegemea upande wa msamiati, ingawa si msamiati wa kunakili ubaoni. Mwalimu akiandika "nanga: kitu cha kuzuia chombo kisisogee", mtoto wa Dodoma atawaza sufuria, maana kwao chombo ni cha jikoni. Mbadala uko ndani ya lugha yenyewe: maneno ya Kiswahili huzaliana kwa koo. Anayejua kufunga mlango yuko hatua moja tu kabla ya kufungua na kufungia, na hayuko mbali na ufunguo, kifungo na mfungwa. Dakika kumi za kuchezea mzizi mmoja kwa mdomo, watoto wakitunga sentensi za nyumbani kwao, hazihitaji kitabu wala picha, na zinawezekana hata katika darasa lililojaa. Silabi hazipotezi muda wao kwa sababu hiyo, kwani watoto wanaweza kuzisoma palepale ndani ya maneno hayo.

Linabaki suala la lugha ya nyumbani, ambalo wengi hulipita kwa tahadhari kwa kuwa sera imekiweka Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule za msingi. Kwa mtoto wa Kigogo au Kirangi, neno moja la kwao likitumika kama daraja linaokoa maelezo marefu, kwa sababu lugha hizo ni za Kibantu na zina ngeli na viambishi vinavyofanana na vya Kiswahili. Wanaopinga wanahofia kwamba mwalimu atazoea daraja na asivuke, na hofu hiyo ina msingi, hasa vijijini ambako mtoto hakisikii Kiswahili tena akitoka shuleni. Mimi ningeruhusu neno la kwao mara moja, kisha lirudiwe kwa Kiswahili mara tano. Lakini upande wa Chemba, kwa mtoto anayezungumza Kisandawe, lugha isiyo ya Kibantu, hata mchezo wa mizizi utakuwa mgeni kwake, na mwalimu wake atahitaji muda mrefu zaidi wa mazungumzo matupu kabla ya kufungua kitabu kuliko ratiba inavyompa.