Gari iliyoingia maji ya masika: itengenezwe au iuzwe?

Kila masika, kuanzia Machi hadi Mei, maji yakituwama mitaa ya chini ya mjini Unguja kama Sebleni na Mwanakwerekwe, gari iliyozama haikosi washauri. Mmoja husema ianikwe juani, itakuwa sawa. Mwengine husema gari iliyokunywa maji haina uhai tena, iuzwe kabla haijaleta hasara kubwa zaidi. Wote wawili wana ukweli kwa gari fulani na wanakosea kwa gari nyengine. Nionavyo mimi, jawabu linategemea mambo mawili: maji yalifika wapi, na je, kuna mtu aliyejaribu kuiwasha?

Nianze na hili la kuwasha, maana ndilo linaloua injini nyingi. Injini hushindilia hewa ndani ya silinda. Maji hayashindiliki. Yakishaingia humo, pistoni inapopanda hugota, na konrodi, yaani mkono unaoishika pistoni, hupinda au hata kutoboa bloku ya injini. Kwa hiyo gari iliyokuwa imezimwa ikalala majini usiku kucha inaweza kuwa na injini nzima, na iliyolazimishwa kupita kwenye dimbwi kwa dakika moja ikawa imekwisha. Maji yakipungua, usitie ufunguo. Fungua waya wa hasi wa betri, kisha chomoa kijiti cha oili. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Fundi anayeijua kazi yake atatoa plagi, ataizungusha injini kwa mkono mpaka maji yatoke, atabadilisha oili ya injini na ya giaboksi, na hapo tu ndipo atakapofikiria stata.

Maji yakiwa yameishia kwenye kapeti, mimi nipo upande wa kutengeneza, na wanaokimbilia kuuza wanajipunja bure. Lakini kuanika hakutoshi. Chini ya kapeti pana sponji nene. Juu pakishakauka, sponji bado imeshika maji, na nyaya zimepita hapo hapo. Viti vitolewe, kapeti yote itolewe, soketi zifunguliwe moja moja. Ukiona unga wa kijani kwenye pini za shaba za soketi, kutu imeshaanza. Na maji yale hayakuwa ya mvua tupu, yalichanganyika na tope na maji ya makaro, kwa hiyo gari isuguliwe kwa maji safi kwanza, ndipo ianikwe. Kama ni maji ya bahari, kila siku inayopita bila kuoshwa chumvi inakula.

Ugumu upo kwenye gari ambayo maji yamefika dashibodi. Wanaotetea kuitengeneza wana hoja nzito. Mafundi wetu ni hodari, injini za mtumba zinapatikana, na mtu anayelisha watoto kwa daladala au teksi hawezi kungoja. Pesa atakayoipata kwa kuiuza ikiwa mbovu haimnunulii nyengine. Hoja hiyo naiheshimu, na kwa gari kongwe ya dizeli yenye umeme mchache naikubali kabisa.

Kwa gari za siku hizi siikubali. Injini hubadilishwa mambo yakaisha, lakini matatizo ya umeme hayaishi. Gari huwaka vizuri, mwenyewe akashukuru, kisha baada ya miezi taa za onyo zinaanza: leo breki, kesho alteneta, keshokutwa kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari. Gharama zinakuja vipande vipande, na kwa kuwa kila kipande ni kidogo, hakuna anayekaa kuzijumlisha. Linalonitia hofu zaidi ni mifuko ya hewa, ile inayofura kumkinga mtu gari ikigonga. Katika gari nyingi boksi linaloiongoza limefungwa chini, katikati ya viti vya mbele, hivyo linazama mapema. Macho ya fundi hayawezi kukuhakikishia kwamba litafanya kazi siku ya ajali. Na haibridi, gari inayoendeshwa kwa petroli na umeme, yenye betri kubwa ya volti nyingi, isiguswe na fundi asiyeisomea, maana hapo linalohofiwa ni roho ya mtu.

Kwa hiyo kabla ya kufunguliwa hata nati moja, fundi wa injini na fundi wa umeme waandike makisio yao kwenye karatasi moja. Yakikaribia bei ya gari kama hiyo iliyo nzima, nashauri isitengenezwe. Mwenye bima ndogo asitegemee kulipwa, kwani bima hiyo ni ya kumfidia mtu mwengine. Mwenye bima kubwa apige picha za alama ya maji na aripoti kabla gari haijaguswa, kisha asome mkataba wake kama mafuriko yamo.

Kuuza kwa spea ni njia ya heshima. Milango, vioo, taa, rimu na bodi bado vina thamani. Kuuza gari kama ilivyo pia si vibaya, ila kasoro yake itajwe. Wapo wanaosema mnunuzi ana macho, na akague mwenyewe. Katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, Mtume (S.A.W.) alipita penye rundo la nafaka akatia mkono ndani yake, vidole vikagusa unyevu. Muuzaji akasema imenyeshewa na mvua. Akaulizwa kwa nini asiuweke unyevu huo juu, watu wakauona. Gari iliyooshwa vizuri ni rundo hilo hilo. Tope hubaki kwenye mkanda wa kiti ukiuvuta mpaka mwisho, chini ya tairi la akiba, na ndani ya reli za viti, na mnunuzi aliyekuja kutazama rangi na kusikiliza injini hafiki huko kama hakuambiwa.