Mtaji Kwanza, Karata Baadaye

Jumapili usiku mpwa wangu alinipigia simu, sauti imemkauka. "Mjomba, nilikuwa na ree mbili." Nikajua kilichompata kabla hajamaliza. Ana miaka 22, yuko chuoni, poka ameijua wiki 3 tu, na pesa ya chakula ya mwezi mzima aliiweka mezani kwa mkupuo. Mwenzake alishika wafalme wawili. Karata ya mwisho ikafunguliwa: mfalme wa tatu.

Sikumkasirikia yeye. Nimewakasirikia waliomfundisha lini apandishe dau na lini atupe karata, wasimwambie neno moja kuhusu mtaji, yaani pesa yote aliyonayo ya kuchezea.

Maana kijana alicheza sawasawa! Hakuna mkono wa kuanzia, yaani karata mbili za kwanza, unaoshinda ree mbili. Kwa wastani unaupata mara 1 katika migao 221. Hata hivyo, mbele ya wafalme wawili hushindwa karibu mara 1 katika kila 5. Aliyeweka sehemu ya ishirini ya mtaji wake akishindwa hapo, anaumia, analala, kesho anacheza tena. Aliyeweka vyote analala njaa.

Chris Ferguson, mchezaji maarufu wa poka, alipoanza na sifuri mtandaoni akitafuta dola 10,000, alijiwekea kanuni: meza ya kawaida asiingie na zaidi ya asilimia 5 ya mtaji, mashindano asilimia 2. Ilimchukua zaidi ya mwaka, akafika. Jina lake lilichafuka baadaye kwa sakata la Full Tilt, tovuti ya poka iliyoshindwa kuwalipa wachezaji wake, lakini hesabu ile bado ni sahihi. Vijana hawasimuliwi hiyo. Wanasimuliwa Chris Moneymaker, mhasibu aliyegeuza dola 86 kuwa milioni 2.5 kwenye mashindano ya dunia ya poka mwaka 2003. Walioingia mashindano yale walikuwa 839. Hao 838 wengine nani anawataja?

Dada yangu anasema aache kabisa, kamari ni kamari. Huenda ana haki, na siku mpwa wangu akianza kukopa ili arudishe alichopoteza, nitakuwa upande wa mama yake. Kwa sasa simu iko mfukoni mwake na atacheza nikiwa sipo.

Kwa hiyo Jumamosi anakuja kwangu na daftari. Tutacheza kwa maharagwe, punje 100, asiingie na zaidi ya 5, na kila mgao atauandika. Pesa ya chakula nimeshaituma, kwa mama ntilie anakokula.