Opeth: nani ananguruma, na kwa nini

The Last Will and Testament, albamu ya Opeth iliyotoka Novemba 2024, ilirudisha mngurumo, yaani uimbaji wa sauti nzito ya kukwaruza, ambao bendi hiyo ya Uswidi haikuwa imeuweka kwenye albamu tangu Watershed ya 2008. Sisi wachache tunaofuatilia muziki wa metali hapa Kampala tulianza kubishana tangu wimbo wa kwanza ulipotolewa. Upande mmoja unasema Mikael Åkerfeldt, mwimbaji na kiongozi wa bendi, amesalimu amri: albamu nne aliimba kwa sauti laini, mashabiki wakanung'unika, sasa amewapa walichokidai.

Hoja hiyo ina uzito wake. Wimbo uliotangulizwa sokoni ni wenye mngurumo, na bendi iliyodumu zaidi ya miaka 30 haikosi kujua wateja wake wanapenda nini.

Kinachonikera ni hii hesabu ya "miaka 16 ya ukimya" inayorudiwa kila mahali. Ukimya gani? Studioni, sawa: kuanzia Heritage ya 2011 hadi In Cauda Venenum ya 2019 husikii mngurumo. Lakini jukwaani mtu huyohuyo aliendelea kunguruma kila walipopiga nyimbo za zamani, na walizipiga. Tena mwaka 2003, muziki wao mzito ukiwa bado umepamba moto, walitoa Damnation, albamu nzima ya sauti laini. Kwa hiyo hatuna mtu aliyepotewa na sauti kisha akaiokota. Alikuwa nayo muda wote, akaitumia palipoifaa. Swali la maana, basi, ni kwa nini safari hii ilifaa.

Jibu limo katika kisa chenyewe. Ni miaka ya baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Tajiri mmoja amefariki, na watoto watatu, mapacha na msichana mwenye polio, wamekusanyika kusomewa wosia. Nyimbo saba hazina majina. Zina alama ya kifungu cha sheria na namba, basi. Kwa sikio langu, mngurumo ni wa marehemu. Ndiye anayewaambia mapacha kwamba hawakutoka kwake, anawanyima urithi, kisha mali yote anamwachia msichana, ambaye yeye anaamini alimzaa na kijakazi. Nchi hii, ambako vipimo vya DNA vimezua ugomvi hadi matangani na Sheria ya Urithi ikafanyiwa marekebisho mwaka 2022, haihitaji kuelezwa kwa nini maneno kama hayo hayatamkwi kwa sauti tamu.

Halafu sikiliza wimbo wa nane, A Story Never Told, ambao peke yake una jina. Mngurumo umekwisha. Barua inafika, na msichana anagundua kwamba naye si damu ya mzee. Yule aliyefoka kifungu baada ya kifungu, akihukumu nani wake na nani si wake, alikuwa amedanganywa mwenyewe! Pigo hilo lisingekuwepo kama albamu ingenguruma mwanzo hadi mwisho, wala kama isingenguruma kabisa. Linahitaji pia mwimbaji aliyekomaa katika uimbaji laini, na ukomavu huo ni matunda ya albamu zilezile nne zinazobezwa. Hata Ian Anderson wa Jethro Tull, bendi ya roki ya Uingereza, anayepiga filimbi na kusimulia humu, anatoka katika roki ya miaka ya 1970 ambayo Heritage iliikumbatia waziwazi.

Wanaolalamika nawakubalia jambo moja, ingawa silo wanalolishikilia. Kisa kimebanwa mno. Usiposoma mashairi hutajua msichana ni nani wala barua inasema nini, na kwa mtu anayesikiliza kwa simu ndani ya taksi ya Ntinda, marehemu na hasira zake zote anabaki kuwa kelele. Hapo Åkerfeldt ana la kujibu.