Ratiba ya PHD Kigoma ifuate mwezi

Ukianza tu PHD kila mtu anakupa ushauri uleule, tengeneza taimtebo, amka saa kumi na moja, andika masaa mawili kila siku, zima simu. Ni ushauri mzuri kwa mtu ambaye data zake zote ziko kwenye kompyuta na ofisi yake haihami. Sisi tunaofanya utafiti wa dagaa huku mwisho wa reli hatuna hayo maisha, na mi naamini kabisa wengi wanaochelewa kumaliza huku wanafanya kazi sana tu, tatizo wanalazimisha wiki zote zifanane wakati kazi yenyewe haifanani.

Chukua huyo dagaa wa Tanganyika. Anavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri, mwanga unamvuta juu na migebuka nayo inamfuata kumla. Sasa mwezi ukiwa mpevu ziwa zima lina mwanga, dagaa hana sababu ya kujikusanya kwenye taa yako, basi wavuvi wanapandisha mitumbwi, wanashona nyavu, wanapumzika siku kadhaa mpaka giza lirudi. Mzunguko wake ni siku 29 na nusu, na mzee yeyote wa mialo ya hapa Kigoma, Kibirizi au Katonga, atakwambia mwezi uko wapi bila hata kuangalia simu. Hiyo ni kalenda tayari, imetumika miaka na miaka, sioni kwa nini mwanafunzi atengeneze nyingine ya kupingana nayo.

Kwa hiyo mwezi wangu una vipande viwili. Giza ni fildi. Mitumbwi inarudi alfajiri na unatakiwa uwepo mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, kabla wakinamama hawajagawana mzigo, unapima urefu, unapima uzito, unauliza wamevulia upande gani, ukizubaa kidogo samaki wako kashafika kwenye chanja za kuanikia. Siku hizo sijipangii kuandika chapta, hata aya moja, na nalala na amani yangu. Lakini kuna kitu kimoja hakina mjadala, data za leo zinaingia kwenye kompyuta leoleo kabla ya kulala, maana daftari lenye maji na magamba likikaa siku tatu hujui tena ile ni 1 au ni 7, na yule dagaa kashaliwa huwezi kumrudia. Halafu kopi iende kwenye flashi inayokaa nyumba nyingine, usiiweke begi moja na laptopu, begi likiibiwa umeibiwa digrii.

Mbalamwezi ndo ya kuandika. Na hapa kuna jambo watu wa Dar hawalifikirii, saa yetu ni moja ila sisi tuko magharibi kabisa, jua linatutokea karibu dakika 40 baada yao. Ile saa kumi na moja ya kwenye ushauri huku bado ni usiku wa kweli. Mi naanza saa mbili asubuhi mpaka adhuhuri, chapta tu, hakuna imeili hakuna grupu la WhatsApp, alafu jioni nasoma makala za watu kwa sababu mwanga wa huku unakaa sana. Ile mbinu ya Pomodoro ya Francesco Cirillo, dakika 25 kazi kisha mapumziko mafupi, naitumia kusafisha data na kupanga marejeo kwenye Zotero (ni ya bure, kama bado unaandika marejeo kwa mkono acha leo). Kwenye kuandika mjadala wa matokeo siitumii, wazo lenyewe linakuja dakika ya 40 huko, ukilikatisha limeenda.

Alafu ndugu. Ukionekana nyumbani mchana watu wanajua una nafasi, utatumwa stesheni kupokea mgeni, utawekwa kamati ya harusi, na msiba ukitokea lazima uende, hilo silipingi hata kidogo. Kilichonisaidia ni kuwaambia kwa lugha ya hapahapa. Nikimwambia shangazi nina dedilaini ya chapta ya tatu haimwambii kitu, nikimwambia "shangazi, mbalamwezi hii asubuhi zangu zote niko kazini, giza likiingia nakuja Ujiji kukuona baada ya mwalo" anaelewa na anawaambia na wengine, kwa sababu huku kila nyumba inajua giza ni nini na mbalamwezi ni nini.

Kalenda ya ziwa ina mambo makubwa zaidi ya mwezi pia. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolizunguka, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia. Miezi mitatu mwaloni hakuna mzigo. Mwanafunzi ambaye propozali yake imeandikwa "sampuli kila wiki kwa miezi 12" hapo anabaki na mashimo kwenye jedwali, wakati aliyeipanga miezi hiyo kuwa ya uchambuzi na kusoma anatoka mbele. Ukiandika propozali sasa hivi acha nafasi ya namna hiyo toka mwanzo, na muulize afisa uvuvi kabla hujamuuliza supavaiza.

Ndo maana nawaomba na walimu wetu wanaotusimamia kutoka mbali, ripoti ya maendeleo ikidaiwa katikati ya giza unapata karatasi iliyoandikwa na mtu mwenye usingizi ananuka samaki. Wenzetu wa Tabora wanaofuatilia tumbaku au nyuki nao wana misimu yao ambayo haisubiri muhula. Mwanafunzi akileta kalenda ya fildi yake mwanzo wa mwaka, mkae wote wawili muweke tarehe za chapta juu ya hiyo kalenda, ni kikao cha nusu saa tu.